Bwana Fuvu na Kichwa cha Shomari

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, maana nilikaa chini kwenye baraza ya hospitali ya serikali kule mjini tangu asubuhi, bi harusi wa juzi tu, hata hina haijanitoka miguuni. Ndani alikuwa mume wangu Shomari, hajitambui. Mpaka leo utawasikia wazee wakimtaja yule daktari wa Kiingereza tuliyempa jina la Bwana Fuvu, wengine wakimsifu, wengine wakimlaani. Mie nilimwona kwa macho yangu, mwanangu, kwa hiyo kaa nikueleze.

Shomari alikuwa kuli bandarini. Jana yake sanduku lilichomoka kwenye winchi likampiga pembeni mwa kichwa. Akaanguka, akainuka, akacheka na wenzake, akarudi Temeke kwa miguu na wali akala. Asubuhi namwamsha haamki, anakoroma tu, na mboni ya jicho moja imetanuka kuliko ya pili. Wanaume wakamlaza kwenye kitanda cha kamba wakambeba hadi hospitali.

Bwana Fuvu alikuwa mrefu, mkavu, hana salamu. Watu walisema alijifunza kufungua vichwa vya askari huko vitani, na kwamba kwao Ulaya wenzake walimchoka kwa ukaidi. Mitaani kwetu maneno yalikuwa mabaya zaidi: ati ni mumiani, anatoa ubongo wa watu akatengenezee dawa. Alimwangalia Shomari macho, akamgusa kichwa, kisha akasema maneno machache, na dresa mmoja Mluguru, msaidizi wake wa kufunga vidonda, akatutafsiria. Damu imevujia ndani ya fuvu na inaukandamiza ubongo. Lazima mfupa utobolewe itoke, na iwe leo. Akifungua, mgonjwa huenda akafa. Asipofungua, atakufa tu. Mkubwa wa ukoo akikubali, aweke dole gumba kwenye karatasi.

Mkubwa wenyewe alikuwa shemeji yangu Kondo, kaka yake Shomari. Mtu mwema, nisimsingizie. Lakini alikataa.

"Tumrudishe nyumbani," alisema. "Kama siku yake imefika, afie kwake, tumzike na kichwa chake kizima."

Wazee wakaitikia. Mie mke, tena mtoto mdogo, nani angenisikiliza? Nilimshika shemeji miguu nikalia, naye akaniinua kwa upole akaniambia ninyamaze. Wakaenda kukileta kile kitanda cha kamba, wakakiweka pale barazani.

Hapo akatokea Maganga, Mnyamwezi, kuli mwenzake Shomari. Nawe unajua sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Msibani yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuwachokoza wafiwa na kuchukua vitu vya marehemu mpaka vikombolewe kwa chochote. Maganga akasikiliza kidogo, akakitazama kitanda. Akapanda, akalala chali, akajifunika shuka ya mgonjwa mpaka usoni.

"Haya, nibebeni," akasema toka chini ya shuka. "Si mmekuja kuzika? Yule wa ndani bado anapumua, atawaaibisha njiani. Nizikeni mie."

Akatoa mkono nje ya shuka, akahesabu kwa vidole.

"Na shati lake la Idi nalitaka leo leo. Na baiskeli. Mke simtaki, analia sana."

Shangazi yake Shomari ndiye aliyeanza kucheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka pamoja na machozi, na wengine wakafuata. Hata mie nilicheka, Mungu anisamehe. Kondo alijaribu kununa, lakini kwa mtani utanuna mpaka lini? Maganga akajifunua uso, akakaa kitako, na sasa hakuwa na mzaha.

"Kondo, wewe huogopi kisu. Unaogopa watu wa Temeke waseme Kondo ndiye aliyempeleka nduguye kwa mumiani. Akifia nyumbani hakuna wa kukulaumu. Sasa anayetaka kufa hapa ni nani, wewe au Shomari?"

Kondo akakaa chini akalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya wanawake na watoto. Kisha akajifuta uso kwa kanzu, akamwita dresa, akaweka dole gumba.

Tulingoja hadi mgongo ukaniuma. Bwana Fuvu alipotoka alikuwa amelowa jasho, akaomba maji, akayanywa amesimama. Akatuambia kwa Kiswahili chake kibovu, "Iko hai." Akaenda zake, wala hakungoja asante.

Kwa muda Shomari alikuwa na mdomo uliopinda, na majina yakimpotea. Mie mkewe aliniita shangazi, nami naitika. Akapona, akarudi kazini, tukazaa, tukazeeka pamoja. Sina cha kulalamika.

Lakini sifa zilimlevya Bwana Fuvu. Akaanza kupasua vichwa vya wenye wazimu, ati watulie, na ndugu zao hakuwauliza. Kulikuwa na mama mmoja wa Kawe, muuza nyanya, nikikutana naye sokoni Kariakoo. Binti yake alikuwa akipiga kelele na kukimbia ovyo njiani. Alipopasuliwa alitulia kweli, akatulia hata asimjue tena mamaye. Malalamiko yakazidi, madaktari wenzake nao wakamkataa, akapandishwa meli akaondoka. Watu walifurahi. Yule mama akaniuliza, "Na wewe bado unamwombea dua?" Nikamwambia ndiyo, namwombea. Nikamwambia pia, wewe mlaani, una haki. Alinitazama sana, kisha akanichagulia nyanya nzuri akazitia kapuni mwangu. Hatukugombana hata siku moja.

Basi, mwanangu, shika haya. Usimpe mtu utakatifu kwa kuwa alikufaa, wala usimnyime shukrani yake kwa kuwa alimuumiza mwingine. Mkono ule ule uliomrudisha Shomari ndio uliompoteza yule binti, na mie nimeona tofauti moja tu: kwetu alilazimika kuuliza, kwao hakuuliza. Kwa hiyo hata ukiwa bingwa, uliza. Na siku roho ya mtu itakapowekwa mkononi mwako, useme ndiyo au hapana, jichunguze kwanza unamwogopea nani, mgonjwa au jina lako. Ukikuta ni jina lako, liache lichafuke, umwokoe mtu.

Mungu akupe umri mrefu na kichwa kizima, na siku hofu itakapokufunga miguu, akuletee mtu asiyeona haya kukucheka mbele za watu ungali na nafasi ya kubadili nia. Amina.