Kiti cha Plastiki Kilichokwenda Pemba

Msichana wa kaunta pale uwanja wa ndege alikitazama kiti changu, akanitazama mimi, kisha akakitazama tena. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kijani, kile chenye mikono ambacho kila nyumba ya mtaa wetu wa Baba Dogo inacho, nimekizungushia nailoni mpaka kinang'aa. "Mama, kwani huko mnakoenda hakuna viti?" akauliza. "Viti viko," nikamjibu. "Lakini hiki ndicho ninachokijua." Watu nyuma yangu wakacheka. Wacheke! Mimi nauza vitunguu kwa jumla soko la Muthurwa, nimechekwa na midomo mikubwa kuliko hiyo. Kiti kikapimwa, kikapita.

Mama yangu alikuwa kando, ameketi kwenye kiti cha magurudumu cha uwanja, mkoba wake mkubwa mapajani. Alikuwa amekataa katakata uende na mizigo mingine. Miguu yake haina kazi tena, na sisi tunakaa ghorofa ya nne katika ploti, jengo la kupanga lisilo na lifti, kwa hiyo mama alikuwa akiteremka siku za kliniki tu. Siku nyingine zote alikaa dirishani, na dirisha letu linatazamana na ukuta wa ploti ya jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa.

Dada yake mkubwa yuko Pemba. Aliolewa huko kabla mimi sijazaliwa, akasilimu, na wajomba zangu wakaacha hata kulitaja jina lake mezani. Mama peke yake ndiye hakumwacha. Waliongea kwa simu kila Jumapili, Kikamba kitupu, na vicheko vya kutuudhi sisi tuliotaka kusikiliza taarifa ya habari. Sasa mama mkubwa naye ana moyo uliochoka, hawezi safari. Jumapili moja mama aliiweka simu chini akaniambia, "Nataka kumwona dada yangu kwa macho. Simu nimechoka nayo. Kwa macho." Nikamwambia, "Utamwona." Na mimi nikishasema nimesema.

Sasa nieleze habari ya kiti, maana ndugu zangu wenyewe waliniona nimerukwa na akili. Kwetu mtu asiyeweza ngazi habebwi kwa kushikwa mikono na miguu. Anakalishwa kwenye kiti cha plastiki. Leso moja, yaani kanga, inapita kifuani, chini ya makwapa, inafungwa nyuma ya kiti. Nyingine inafunga magoti. Mmoja anashika nyuma, mmoja mbele, kiti kinalazwa kidogo. Na sauti ni moja. Hiyo ndiyo sheria kubwa ya ngazi zetu. Mtu mmoja tu ndiye anayeita, "Shika! Shuka! Tua!" na wengine wote wanafunga domo, hata mwenye nyumba akiwepo. Wakiita wawili, mmoja anashuka huku mwenzake anatua, na mgonjwa anaonja sakafu. Tumewateremsha hivyo wajawazito, wazee, na mlevi mmoja aliyevunjika mguu, ambaye aliimba njia nzima.

Mama alibebwa na muuza maji wetu, mtu anayepandisha mitungi kutwa, pamoja na mlinzi wa ploti. Mwitaji ni mimi. Asubuhi ile ya safari tulimteremsha salama, na nikawaambia wale wawili, "Alhamisi jioni tunarudi. Niwakute hapa chini." Wakasema hakuna shida. Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake.

Tulipotua Unguja, kiti cha magurudumu kiliishia pale gari liliposimama. Mhudumu aliyekuwa akimsukuma mama akasema kwa upole, "Shikamoo mama. Mie mwisho wangu hapa, kiti hiki mali ya uwanja." Nikamjibu, "Poa sana." Mama akanifinya mkono. "Huyo amekuamkia, wewe! Sema marahaba." Marahaba ikatoka, imechelewa, na yule mtu wa watu akajizuia kucheka. Tukampakia mama garini, tukaenda bandarini kutafuta feri.

Lazima niseme ukweli kwamba maji mengi niliyowahi kuvuka maishani ni yale ya Muthurwa mvua ikinyesha. Feri nilikuwa nimeiwazia kama basi. Kumbe ni jumba zima linaloelea, na ngazi ya kuingilia ni ya chuma, nyembamba, inayumba, watu wamejipanga na mabunda yao kichwani. Ofisa mmoja mwenye shati jeupe akamtazama mama, akawaita mabaharia wanne. "Mchukueni bibi. Kila mtu ashike kiungo chake."

"Mimi si gunia la vitunguu," akasema mama.

"Bibi, abiria wanangoja."

"Hata mimi nimengoja," mama akasema. "Kungoja kwangu ni kwa miaka."

Nikaipasua nailoni kwa meno. Nikakitoa kiti, nikazitoa leso, nikamfunga mama kama tunavyomfunga siku zote, na watu foleni nzima wakanyoosha shingo kutazama mambo ya wageni hawa. Ofisa akakuna kidevu, akasema haya, lakini haraka. Mabaharia wawili wakashika. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu kila mtu pale bandarini alikuwa na ushauri. "Inua!" "Huku, huku!" "Taratibu jamani!" Kiti kikaenda upande. Nikaiona leso ya kifuani imepanda, imekaza shingoni mwa mama.

"Sauti moja!" Nilipiga ukelele ule wa Muthurwa, ule wa lori likirudi kinyumenyume na kuna mtu nyuma yake. Washauri wakafunga domo. Nikaanza kuita, "Shika! Panda! Panda!" na wale mabaharia, Mungu awabariki, wakafuata. Tulikuwa katikati ya ngazi nilipofanya ujinga wa kutazama chini. Kati ya feri na gati palikuwa na ufa, na ndani ya ufa maji yalikuwa yanapanda na kushuka, ya kijani, hayana mwisho. Sauti yangu ikakata. Nilifungua mdomo, hakuna kitu. Mabaharia wakasimama na mama hewani, wakiningoja mimi.

"Shika!" Sauti ilitoka kwenye kiti. "Panda! Panda! Shika! Panda! Tua!"

Ilikuwa sauti ya mama. Miaka mingi sikuwa nimeisikia. Ni ile aliyokuwa akituitia kutoka chini tulipokuwa wadogo, tukaisikia ghorofa ya nne milango imefungwa, tukaacha michezo na kuteremka mbio. Wale mabaharia waliitii kama sisi. Mama akatuliwa ndani ya feri, akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akanigeukia. "Unaogopa maji, na ulikuwa hujaniambia." Nikainama kumfungua leso.

Njiani nilitapika, mama akala embe. Alikataa kulala. Alitazama nje ya dirisha saa zote, na kila kisiwa alichokiona aliniamsha nikione.

Pemba tulimshusha kwa mtindo uleule, yeye mwenyewe akiita. Mtoto wa mama mkubwa, mtu mzima mwenye wajukuu, alitupokea na gari. Mama mkubwa alikuwa ametolewa nje tangu alfajiri, ameketi barazani mwa nyumba yake ya chini, mtandio mweupe kichwani. Tukakitua kiti cha kijani mbele yake, magoti kwa magoti. Hawakulia. Mama mkubwa alimpapasa mama uso wote, pua, masikio, halafu akasema kwa Kikamba, "Umezeeka wewe!" Mama akajibu, "Na wewe je?" Wakacheka kile kicheko cha Jumapili. Mimi ndiye niliyelia, nikaenda kulilia jikoni.

Siku zile mama hakuingia ndani ila kulala. Watu wa mtaani walipita, wakamwamkia, akawajibu kila mmoja. Alisoma Biblia yake barazani, mama mkubwa akiswali upande wa pili, na hakuna aliyemkataza mwenzake. Alhamisi asubuhi nikaanza kukusanya nguo zake.

"Zangu ziache," akasema.

"Feri haingoji, mama."

"Mimi sirudi."

Nikadhani utani. Akaniambia nifungue ule mkoba. Ndani mlikuwa na dawa zake zote, kikombe chake, picha ya baba, na koti lake la kanisani. Hasira ilinipanda, sifichi. Nilimwambia amenifanya mjinga, nimembeba kwa mikono yangu, nimempenda, nimemtunza, na hivi ndivyo anavyonilipa. Nilisema mengi. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umenitunza vizuri," akasema. "Lakini kule juu nilikuwa nasikia watu wakipita. Kila siku nasikia tu. Hapa nawaona."

Kiti nilimwachia. Nilipanda feri peke yangu, nikashika chuma kwa mikono miwili, sikutazama chini.

Nilifika Baba Dogo jua limeshatua. Chini ya ngazi walikuwepo muuza maji na mlinzi, kama tulivyoagana. Walikuwa wameazima kiti kingine kwa jirani, na leso mbili wamezikunja juu yake. "Niaje mathe," muuza maji akasema, akichungulia nyuma yangu kumtafuta mama. "Shosho ako wapi?"

"Amebaki."

Mlinzi alichukua begi langu, nami nikaanza kupanda. Ghorofa ya pili pumzi ikanishinda, nikakaa ngazini, na hapo simu ikalia.

"Umefika?" mama akauliza.

"Niko kwa ngazi."

"Basi pumzika kwanza," akasema. Nyuma yake nilisikia kengele ya baiskeli, na mtu akimwamkia, naye akiitikia marahaba. "Mimi niko nje na dada yangu. Tunatazama watu."