Tundu la Juu ya Dirisha

Harufu ya saruji mbichi ndiyo iliyonitoa kitandani. Arobaini yangu haijaisha, mtoto kifuani, nikamkuta fundi wa ofisi ya nyumba juu ya ngazi anaziba matundu ya hewa. Nikampokonya mwiko.

"Dada, tunawakarabatia! Wezi hawataingia tena."

"Waje waibe nepi! Shuka!"

Msinione mkali bure. Harufu hiyo naijua tangu miaka ya hamsini, nikiwa mdogo hapahapa Tanga, tulipovunjiwa nyumba yetu ya udongo na makuti tukapewa vyumba viwili vya saruji. Kwa ajili ya afya zetu, walisema. Majirani wakatawanywa. Mama, na mimba yake, aliifurahia ile sakafu isiyo na funza, akaisugua mpaka ikang'aa.

Alipojifungua, Baba yuko kwenye mkonge, Bibi akaja kumkanda kwa maji ya moto na kumwekea jiko la makaa uvunguni, kama alivyowafanyia wazazi wote. Kwenye makuti moshi ulijitafutia njia wenyewe. Kwenye saruji bati limebana, tundu hakuna. Na Bibi, akiogopa upepo usimwingie mzazi, akaziba upenyo wa mlango kwa kanga.

Kule tulikotoka, Mama Saumu wa ukuta wa pili angepiga hodi alfajiri, "Mzazi, umeamkaje?" Wala hangoji kujibiwa, ameshaingia na uji wake wa pilipili manga. Siku ile hakuna aliyepiga hodi. Mimi na Bibi tulilala chumba cha pili. Jua limepanda ndipo Bibi akafungua mlango. Mama alilala ubavu, mkono juu ya mdogo wangu, kama waliosinzia. Nikaambiwa nisiwaamshe.

Watu walisema ni jini wa nyumba mpya. Nilimchukia jini huyo mpaka sekondari, mwalimu alipotueleza jinsi hewa ya makaa inavyoua katika chumba kilichofungwa. Niliomba ruhusa, nikaenda kulia chooni. Bibi alikuwa ameshakufa. Afadhali.

Basi nikaenda ofisini, mwiko wa watu mkononi. Karani akatoa macho. "Mzazi, umetoka nje?"

"Nimetoka. Andika."

Akaandika: "Nalalamika kwamba mnaziba matundu ya hewa katika vyumba ambamo wazazi hulala na jiko la makaa. Naomba yazibuliwe leo, nyumba zote, kabla ya usiku. Mama yangu na mdogo wangu walifia katika chumba kisicho na tundu. Mdogo wangu alikuwa hajapewa jina."

Nikatia sahihi.