Thèse ya Evariste iko chini ya mawe, musamaha yake iko ndani ya dosiye

Hapa Goma kuko mutu mumoja mwenye anajua juu ya nini minisitiri wa Japani anainamaka mbele ya kamera. Anaitwa Evariste Niyitegeka, anaishi Keshero, ana miaka makumi tano na tano. Ku université wanamuitaka CT, chef de travaux, maana yake mutu mwenye anafanya kazi yote ya professeur lakini hana jina ya professeur. Ukipita kwake asubui unamukuta ku mulango, lunettes, miwani yake, imefungwa na uzi, anasoma. Kama una haraka usimuulize Japani iko aje. Atakueleza vikundi vya ndani ya chama, nani anakula na nani, nani alipewa wizara juu ya nini, na ku kazi utafika wamefunga.

Ninaandika juu yake sababu mambo yenye walimufanyia inanitapisha. Na yeye mwenyewe alifanya kitu kimoja chenye kinanitapisha. Nitasema yote mbili, sitapaka mutu mafuta.

Ilianza 1997. Evariste alikuwa anamaliza masomo ya relations internationales, uhusiano wa inchi na inchi. Vita moja ilikuwa imepita, ingine ilikuwa njiani. Siku moja yuko kwa baba yake mukubwa, Rutshuru, wanasikiliza radio, na radio inasema: ku Japani minisitiri ameacha kazi. Hakuna mwenye alimufukuza na bunduki. Kosa ilifanyika ku wizara yake, akakuja mbele ya wanahabari, akainama, akaomba musamaha, akaenda kwake.

Baba mukubwa alicheka mupaka chai ikamupalia. "Aombe musamaha kwa nani? Si yeye njo minisitiri?"

Evariste hakucheka. Ile swali ya muzee akaifanya thèse, kitabu cha utafiti cha kutafuta cheo cha docteur. Minisitiri anaomba musamaha kwa nani? Juu ya nini? Na kama inchi nzima inaomba inchi jirani musamaha, Japani kwa Korea, Japani kwa Chine, na majirani wanajibu "haitoshi, mulisema na mudomo tu," inabadilisha nini kati yao? Watu walimwambia hiyo ni mambo ya mbali. Ya mbali wapi? Hapa kila familia iko na jirani mwenye inangojea musamaha yake.

Promoteur wake, maana yake professeur mwenye anamusimamia, alikuwa Zihindula. Zihindula alimuuliza: "Japani? Wale wa Toyota? Bon. Andika, nitasoma."

Hakusoma. Lakini alikuwa na somo moja ku programme, politique ya inchi za Asie, na hakuwa anajua hata pa kuanzia. Akaipatia Evariste, assistant wake, afundishe. Na hapa muelewe kawaida ya ku université zetu, juu kila kitu inatoka hapo. Assistant anafundisha. Assistant anaandika syllabus, kile kitabu cha somo chenye wanafunzi wanasomea. Kisha ku couverture, karatasi ya mbele ya kitabu, wanaandika jina ya professeur. Kila mutu anajua. Hata mulinzi wa ku mulango anajua. Na hakuna mwenye anasikia haya.

Evariste akachukua chapitre tatu, sura tatu za thèse yake, zile za kuinama, akaziweka ndani ya syllabus. Page mia na kumi. Kila mara akipeleka page, Zihindula anarudisha na kakaratasi kameshonwa juu: "Très bien. Weka ndani ya syllabus yangu."

Bibi yake Dative, mwenye anauzishaka tusamaki twa sambaza ku soko ya Kituku, alishika kile kitabu, akageuza mbele, akageuza nyuma.

"Jina yako iko wapi?"

"Itatokea siku ya soutenance. Siku ile nitasimama mbele ya jury, nitaitetea, watanipa docteur, kila mutu atajua."

"Na soutenance ni lini?"

"Professeur anasoma."

"Mimi nikiuzisha samaki ya mwenzangu nasemaka ni ya mwenzangu. Ku soko, Evariste! Kwenye tunatukanana!"

Mutu wa Goma wa miaka ile alikuwa na shimo ndani ya nyumba. Basoda, maaskari, wakiingia wanapora, wakitoka wengine wanaingia, nao wanapora. Kwa hiyo chini ya kitanda unachimba shimo, unaweka radio, masini ya kushona, diplôme, unafunika na udongo, unarudisha kitanda, unakimbia. Ukirudi unachimbua. Hiyo akili iliokoa vitu vya watu wengi. Evariste alikuwa na malle, sanduku ya chuma, na ndani yake thèse yote yenye aliandika na mukono, makaye, madaftari yake, na tukaratasi twote twa Zihindula.

Siku ya 17 janvier 2002 mulima wa Nyiragongo ulipasuka. Watu wanakimbia ku barabara, matelas, magodoro yao, ku kichwa, moshi huku, vilio huku. Walikuwa wanaishi katikati ya muji. Na Evariste akafanya nini? Akafanya yenye mikono yake ilizoea. Akasukuma kitanda, akateremusha malle ndani ya shimo, akaanza kufunika na udongo.

Dative alikuwa ku mulango, mutoto ku mugongo. "Evariste! Ile ni moto, haiko basoda! Moto haipori!"

"Wezi watakuja nyuma ya moto!"

Na ni kweli, wezi walikuja. Lakini lave, ule uji wa moto wa mulima, ilifika mbele yao. Leo juu ya ile malle kuko jiwe urefu wa mutu, na juu ya jiwe kuko duka ya matelas. Evariste akipita pale anahesabu hatua, anasema: "Ni hapa. Chini ya kontuari."

Mutu mwingine angeacha. Yeye alienda kwa wanafunzi wake wa zamani, mumoja kwa mwingine, mupaka akapata mwenye alikuwa amelinda syllabus. Couverture imepasuka, page zote ziko. Akakaa chini, akaanza kunakili maneno yake mwenyewe ku kitabu chenye jina ya mutu mwingine. Fikiri hiyo. Kisha akaongeza chapitre ya ine, ya tano, ya sita. Alisoma kila kitu chenye Wajapani walitoa na Kifaransa. Miaka kumi, miaka kumi na tano. 2012 waasi wakaingia mujini, akakaa ndani siku zote zile na mapapiye ya thèse ndani ya shati. Shimo hakuchimba tena. 2021 mulima ukapasuka tena, serikali ikasema tutoke, tukatembea na miguu kwenda Sake, na Evariste ana thèse ku mugongo ndani ya kitenge. Karibu ya Lac Vert mama mumoja akamulalamikia: "Muzee, tupa hiyo mapapiye, beba mutoto wa watu!"

"Hii njo mutoto," Evariste akasema.

Dative, mwenye alikuwa amebeba sufuria na matelas, hakugeuka hata. "Na haijawahi kunifulia hata nguo."

2024, akamaliza. Akaweka thèse ku biro, ofisi ya université, kopi tano, ya jury. Commission ikasoma, watu watatu, na mumoja wao akaona: chapitre ya kwanza, ya pili na ya tatu ni sawasawa na syllabus ya Professeur Zihindula. Neno kwa neno. Wakamuita Zihindula ku mukutano, wakamuuliza: "Hii syllabus ni ya nani?"

Zihindula aliangalia meza. Akasema: "Jina iko ku couverture."

Hayo tu. Hakusema uongo hata moja. Ona vile mutu anaweza kumuchinja mwenzake bila kusema uongo.

Evariste akapewa demande d'explication, barua yenye inakuambia ujieleze ndani ya saa makumi ine na nane, ao wanakufuta. Akaenda kwa Zihindula. Alimukuta ku biro anachambua karanga, na kila mara anapuliza maganda, na maganda inaanguka juu ya thèse yenye ilikuwa ku meza. Evariste mwenyewe njo alinieleza ya maganda. Ya zingine alikuwa anasema polepole, ya maganda alisema mara mbili.

"Papa Professeur, weye unajua nani aliandika."

"Mimi najua, Evariste. Lakini commission inajua makaratasi. Uko na karatasi?"

"Iko chini ya mawe. Tukaratasi twako na mukono yako, twote."

"Bon. Utachimbua Nyiragongo?" Akapuliza maganda. "Sikia. Andika musamaha kidogo. Mistari mitano. Tunaweka ndani ya dosiye, tunafunga, na ku février unapita soutenance. Si weye njo specialiste ya musamaha?"

Akacheka. Na katibu wake akacheka, juu professeur amecheka.

Ku nyumba Dative alikuwa anaosha beseni ya samaki. "Usisini."

"Dative, ni miaka makumi mbili na saba."

"Ndani ya kitabu yako, minisitiri mwenye hana kosa anainamaka?"

"Saa ingine anainama ili wizara iendelee."

"Na wizara yako iko wapi?"

Na hapa njo sehemu yenye inanitapisha mara ya pili. Mutu mwenye alijua kuliko wote tofauti ya musamaha ya kweli na musamaha ya kamera, mwenye aliandika page makumi sita juu ya minisitiri mwenye anainama ili mukubwa wake asiguswe, alichukua bic, akaandika: "Ninakubali kwamba nilitumia maandiko ya mwalimu wangu bila ruhusa yake, na ninaomba musamaha." Akasini. Wakapiga kaché, muhuri ya université. Nilipomuuliza juu ya nini, aliniambia: "Nilitaka tu siku moja nisimame pale mbele." Nilikuwa na matusi tayari, nikayameza.

Soutenance iliwekwa 5 février 2025. Dative alishona kitambaa, kostimu ikafuliwa. Mwisho wa janvier waasi wakaingia Goma. Hakuna mwenye nitamueleza zile siku. Mwenye alikuwa hapa anajua. Biro za université zilivunjwa, makabati zikafunguliwa na nyundo, kopi tano za thèse zikaenda hatujui wapi. Zihindula alivuka mupaka mapema, akafika mbali, na ku simu anajibuka neno moja: "Vumilia."

Masomo iliporudi, Evariste akavaa kostimu, akaenda kuuliza dosiye yake. Alikuta katibu mupya, mama Jamila, mutoto wa wafanyabiashara wa Maniema, mutu wa heshima, mwenye alikuwa anaokota makaratasi ku chini kwa chini na kuyapanga. Alitafuta mupaka akaona farde, faili yenye jina yake. Ndani kulibakia karatasi moja tu. Akasoma. Akamuangalia. Akasoma tena.

"Papa," akasema polepole, juu watu wengine walikuwa wanangoja nyuma, "ni weye njo uliiba syllabus?"

Evariste aliweka mukono juu ya meza. "Iko na kaché?"

"Iko."

"Basi ni mimi."

Jamila alimueleza vile alielezwa na wakubwa wake: mutu mwenye alikubali kosa kama hiyo hawezi kuandikwa tena kwa soutenance mupaka mwenye maandiko amusamehe kwa barua. Mwenye maandiko ni Professeur Zihindula. Yuko wapi? Anavumilia huko kwenye yuko.

Evariste akaomba kopi ya ile barua.

"Utaipasula, papa. Nawajua."

"Siwezi kuipasula, mama. Vitu kama hii njo kazi yangu."

Nilikuwa kwake ile mangaribi. Thèse ile kopi yake, yenye ilifika Sake na ikarudi, ilikuwa wazi ku meza. Nyuma kabisa kuko annexes sita, viambatisho, maneno ya musamaha yenye wakubwa wa Japani walisema, na tarehe, na nani alisema. Nyuma ya ya sita akaweka ile barua. Juu akaandika: Annexe 7. Barua ya musamaha, Goma, 2024. Chini, vile sheria ya kazi yake inataka: Chanzo: mwandishi mwenyewe.

Dative alipangusa mikono, akainama juu ya meza, akasoma polepole mupaka mwisho.

"Kumbe hii moja," akasema, "wote wamekubali ni weye uliandika."

Evariste alikuwa anatafuta kole, gundi ya kuibandika, na kichupa kilikuwa kimekauka.