Hapana Yangu Ilipovalishwa Suti

Mjomba wangu Ireri alikulia kwenye mashamba ya walowezi, akarudi kwetu Kibugu mtu mzima, anatafuta mke. Wazee wakaenda naye kuposa. Wenye msichana wakawapa uji, wakasema, "Asanteni sana kwa kuja. Hapa ni kwenu, mtatusalimia siku nyingine." Mjomba alirudi akiimba, na kesho yake akaanza kukata miti ya kujenga nyumba. Baba akamfuata huko: "Weka panga chini. Ulikataliwa." Akamkasirikia baba, si wale.

Nilimsahau Ireri miaka mingi. Njugu za makadamia ndizo zilizonikumbusha.

Siku yangu ya kwanza pale ghalani Kianjokoma, karani mkuu alinipa nyundo na karai la maji. Shule niliachia darasa la tatu, lakini kazi hiyo haikutaka shule. Unapasua: ganda likiwa jeupe ndani, bado changa, likiwa la kahawia, imekomaa. Kokwa unaitia majini. Inayoelea ina mafuta, inayozama haijafika. Karani akiuliza, "Njeru, vipi?" nasema, "Hizi hapana." Anaandika hivyo hivyo kwa Kiingereza chake cha nyundo, naweka sahihi, na lori halitoki.

Karani huyo akastaafu. Meneja mpya akamleta Kawira, msichana wa Meru aliyesoma sana, aandike ripoti zisikike kama za Wazungu wenyewe, maana wanunuzi wa ng'ambo walisema zetu zinafoka. Mimi sikuamini. Nasema maneno mawili, yeye anapiga kompyuta mpaka karatasi inajaa. Hapana gani hiyo ya mistari kumi?

"Umeandika nini hapo?"

"Ni yale yako, Baba. Nimeyavalisha suti tu."

"Kwani yanaenda harusini?"

Akacheka. Nikaweka sahihi, macho yangu kwenye vidole vyake.

Msimu mmoja yakaja magunia ya njugu zilizochumwa mapema. Karibu zote zilizama. Nikasema hapana mara tatu. Wiki iliyofuata nikakuta ghala tupu.

"Mutwiri, mzigo uko wapi?" Huyo ndiye mkubwa wa kupakia.

"Si niliusafirisha? Ripoti yako ilisema ni nzuri, ila zingependeza zaidi zikingoja kidogo. Nikaona kidogo si kitu."

Halafu mnunuzi wa ng'ambo akapiga simu, anawaka moto. Nakala ya ripoti ile ile alikuwa nayo, na alielewa tangu mstari wa kwanza kwamba mzigo ni mbovu. "Mlijua! Mbona mkatuma?" Unaona? Mzungu alielewa. Ni sisi wa hapa hapa tulioachwa nje.

Meneja akaniita ofisini. Karatasi ilikuwa tayari, na kalamu juu yake.

"Sahihi hapa, Mzee."

"Inasema nini?"

"Inaomba msamaha."

"Nani amekosa?"

"Haisemi hivyo. Ni lugha laini tu ya kutuliza watu."

Nikamgeukia Kawira, aliyeiandika, amesimama kando ya meza. "Mutwiri akiisoma hii, ataona nani alikosa?"

Aliinamisha kichwa. "Ataona ni wewe, Baba."

"Na mnunuzi?"

"Naye pia."

Miaka yote ile hakuna kokwa changa iliyopita mikononi mwangu. Nikaweka nyundo niliyoingia nayo juu ya ile karatasi, nikavaa kofia.

"Asanteni sana," nikawaambia. "Hapa ni kwetu. Nitawasalimia siku nyingine."

"Sawa, Mzee," meneja akasema, amefurahi kweli. "Basi utaweka sahihi kesho."

Nilikuwa nimeshafika langoni. Sikurudi.