Fundi wa tutu aliyesema anatengeneza viti

Saa tatu asubuhi, umeme umekatika tangu jana, na Arsenio Varona amesogeza kiti chake hadi mlangoni, mguu mmoja ndani ya nyumba, mwingine barazani. Mapajani amelaza sketi nyeupe ya neti, matabaka juu ya matabaka, imefura kama povu la sabuni. Anaisukuma sindano kwa kastabini aliyovaa kidoleni, kisha anaivuta kwa koleo upande wa pili.

Hatua mbili kutoka alipo, wanaume wanne wanacheza dhumna. Mmoja wao, Rigoberto, anazungumza bila kuinua macho kutoka mezani.

“Arsenio, ukimaliza hiyo nishonee na mimi. Kiuno changu unakijua.”

“Neti ya kuzunguka kiuno chako haipo Camagüey nzima,” Arsenio anamjibu.

Wenzao wanacheka. Arsenio anacheka pia, lakini masikio yamemwiva.

“Bado naona aibu, nisikudanganye,” anamwambia mwandishi wa makala haya kwa sauti ya chini. “Kila asubuhi nikifungua mlango huu naona aibu. Ila sasa naijua nyingine iliyo kubwa kuliko hii.”

Arsenio ana umri wa miaka hamsini na sita. Anashona tutu, sketi wanazovaa wanawake wanaocheza baleti, kwa ajili ya kundi la hapa mjini Camagüey. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na minne. Hadi mwaka huu, mtaani hakuna aliyejua isipokuwa mkewe Nereida na binti yao Lianet.

Alianza kama fundi wa viti vya treni. Kazi ilipopungua karakanani, Zoraida, mama aliyesimamia mavazi ya kundi, alimwita aje kusaidia wiki mbili tu. Alitaka mtu mwenye vidole vyenye nguvu, kwa sababu kupitisha sindano kwenye matabaka ya neti na kushonea waya ndani yake kunaumiza mikono.

“Baba yangu alikata miwa maisha yake yote,” anasema. “Ningerudi nyumbani nikamwambie nashona sketi? Nikamwambia natengeneza viti vya ukumbi wa maonyesho. Marafiki nikawaambia hivyo hivyo.”

Baba yake alifariki akiamini hivyo. Rigoberto aliwahi kumuuliza kama viti hivyo watu wanavila, maana haviishi kuharibika.

Zoraida ndiye aliyemfundisha habari za vazi lenyewe. Alimweleza kwamba lilianza Paris karibu miaka mia mbili iliyopita, refu, likishuka chini ya magoti, jepesi ili mchezaji aonekane kama mzuka unaopita. Kadiri wachezaji walivyozidi ufundi wa kuruka na kuzunguka, watazamaji walitaka kuiona miguu, na sketi ikawa inapanda, hadi ikasimama mlalo kiunoni kama sahani. Hata jina lake, inasemekana, limetokana na neno la kitoto la Kifaransa linalomaanisha makalio.

“Hilo la makalio ndilo lililonifunga mdomo kabisa,” Arsenio anasema. “Nilimfikiria Rigo akilisikia.”

Lakini sketi hiyo haikubaki jukwaani. Mafundi wa mavazi ya kifahari waliiga wepesi wake kwenye magauni ya jioni na ya harusi. Bibi zetu walicheza dansi na neti zimefura chini ya nguo zao. Leo mabinti wa Camagüey huvaa sketi fupi ya neti kwa fulana na raba, wakaenda kula aiskrimu. Na msichana anayetimiza miaka kumi na mitano haoni kama amesherehekea bila gauni lililofura.

Lianet alitimiza miaka hiyo mwezi Machi. Hakutaka gauni la kukodi. Alitaka sketi ndefu ya zamani, ile ya mzuka, ishonwe na baba yake. Arsenio alifurahi. Alitumia vipande vya neti ambavyo kundi lilimruhusu kuchukua, akashona chumbani, madirisha yamefungwa.

Jumapili moja ya Februari, sketi ikiwa bado imepigwa bandi tu, mishono ya muda, Lianet aliivaa akatoka nayo barazani aione kwenye mwanga. Wanaume wa dhumna waliacha mchezo.

“Mtoto umependeza,” Rigoberto alimwambia. “Nani kakushonea?”

“Baba,” Lianet alijibu.

Wote wakamgeukia Arsenio.

“Mtoto huyu ana utani,” Arsenio akasema. “Mama yake ndiye mshonaji. Mimi najua nini habari za magauni? Mimi mtu wa viti. Siku mkinikuta na sindano na neti, nipelekeni hospitali.”

Walicheka sana. Yeye alicheka kuliko wote. Lianet aliingia ndani taratibu, ameishika sketi kwa mikono miwili isiguse sakafu.

Jioni, Arsenio aliikuta kitandani kwake, imekunjwa vizuri. Alipomuuliza binti yake kulikoni, alijibiwa kwa utulivu.

“Hiyo ya mama. Mwambie mama aivae.”

Nereida anasema hajawahi kumwona mumewe akiwa hivyo. “Alikaa uani, kahawa ikapoa, akaimwaga, akaomba nyingine, nayo ikapoa. Nikamwambia, nenda kamwombe mtoto msamaha. Akaniambia ataanzia wapi.”

Hakuanza. Lianet akakodi gauni la waridi, limefura kama kengele, neti yake kavu ikimkwaruza miguu. Siku ya sherehe baba na binti walisimama katikati ya ukumbi kucheza waltzi, kama desturi inavyotaka. Walipoanza kuzunguka, pindo lilifumuka.

“Baba, nakanyaga,” Lianet alimnong'oneza.

Mwandishi wa makala haya anapomuuliza alifanya nini, Arsenio anaweka koleo chini.

“Sindano nilikuwa nayo hapa,” anasema, akigusa ukosi wa shati. “Yenye uzi tayari. Sitoki nyumbani bila sindano. Kupiga magoti na kulishika lile pindo, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini Rigo na wenzake walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Nikamwambia, zunguka polepole, mwanangu. Akajikwaa. Watu wakamwona.”

Anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Barazani, mchezo wa dhumna umesimama. Wamesikia kila neno, na mmoja anajifanya kuhesabu vipande vyake.

Asubuhi iliyofuata sherehe, Arsenio aliufungua mlango, akaweka kiti hapa, akatoa tutu ya kazini na kuanza kushona. Rigoberto alipofika alisimama akiangalia.

“Ndio hivi viti vyenyewe?” aliuliza.

“Ndivyo.”

“Miaka yote?”

“Miaka yote. Na ile ya Lianet nilishona mimi. Nilikudanganya, na yeye alikuwa anasikia.”

Maneno ya kumkera hayakukawia. Wanaume wa dhumna waliigiza mwendo wa wacheza baleti wakienda dukani. Walimwita bibie. Rigoberto alihamishia mchezo kwa jirani, kisha baada ya siku chache akarudi, akisema kule jua linawapiga kichwani.

Kwa kazi hii Arsenio analipwa mshahara usiofika bei ya trei mbili za mayai. Wateja wa mtaani wameanza kuja kidogo kidogo, mabinti wanaotaka sketi za neti za kutembelea. Wa kwanza alikuwa mjukuu wa Rigoberto, aliyeletwa na bibi yake kwa mlango wa uani.

Lianet, ambaye sasa amepanda kidato, amekubali kuzungumza, akiwa amesimama jikoni.

“Sikukasirika kwa sababu ya sketi,” anasema. “Nilikuwa nimewaambia darasa zima baba yangu ndiye anayeshona za baleti. Nilikuwa najivuna. Halafu yeye mwenyewe akanifanya mwongo.”

Je, amemsamehe?

“Baba aliniomba msamaha Mei. Nikamwambia nimesikia.” Anatazama mlangoni alikoketi baba yake. “Wiki iliyopita waya ulimponyoka, nikamshikia. Tulikaa hivyo mpaka akamaliza.”

Desemba, onyesho la mwisho la msimu likiisha, kundi huwaita jukwaani mafundi wake wote, seremala, wa taa na wa mavazi, wapigiwe makofi. Arsenio hajawahi kupanda. Kila mwaka alikuwa na sababu, tumbo au basi la mwisho. Mwaka huu ameshamwambia msimamizi kwamba atakuwepo. Rigoberto ameomba nafasi mbili, yake na ya mkewe, mradi wasikae mbele.

Lianet naye amealikwa. Amesema ataona.

“Asipokuja nitapanda vilevile,” Arsenio anasema, akiinua tena sindano. “Ila ningependa aje.”