Mluzi wa Gari la Mikate

Baba yetu alikuwa dereva wa gari la mikate, na kwa jinsi alivyolipenda gari lile, Mama hakuwahi kuliita kwa jina lingine ila "mke mwenzangu". Alfajiri, kabla hatujaamshwa kwenda shule, Baba alikuwa ameshaliosha na kulifuta vioo. Sisi tulinawa wenyewe. Mama alimtania kwamba mke mdogo anaogeshwa kila siku, na mke mkubwa hata ndoo ya maji hajawahi kuchotewa. Baba alicheka mpaka akakohoa, kisha akaenda kumchotea ndoo mbili, akazitua mlangoni.

Lilikuwa gari la dizeli, kuukuu tangu siku alipolinunua, lenye pua fupi na mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba. Baba mwenyewe hakuwa msemaji. Sikuwahi kumsikia akimwambia Mama kwamba anampenda, si mbele yetu, na nadhani hata nyuma yetu. Alichokuwa nacho ni mluzi. Gari likianza kupanda mlima wa kuja kwetu na kutiwa gia ya pili, lilitoa mluzi mwembamba, mrefu, ukasikika mtaa mzima. Mama akiusikia aliacha chochote alichoshika, akabandika chai. Baba akizima injini mlangoni, birika linachemka. Watoto tuliona ni jambo la kawaida tu, kama kuchwa kwa jua. Leo nikikumbuka naona wivu, maana mimi hakuna anayenibandikia chai kabla sijafika.

Baba alipofariki, kaka yangu alishika usukani. Gari hatukuliuza, na sababu ilikuwa Mama, ingawa hatukuwahi kukaa kikao juu yake. Kila jioni mluzi ulipanda mlima kama zamani, Mama akainuka kwenye kiti chake, mimi na Kaka tukatazamana tukiwa tumevimba vichwa: angalau hicho tumembakizia.

Kisha gari likaanza kuugua. Mluzi uligeuka kuwa mnene, kama mtu anayepuliza chupa, na mlimani moshi mweusi ulitanda nyuma yetu hata wenye nguo kambani wakatutukana. Siku moja nilipokuwa nimepanda mbele na Kaka, mwendesha baiskeli aliyebeba gunia la mkaa alitupita, akatupungia mkono. Tulipofika nyumbani Kaka alisema tabo imekufa, yaani kile kikonokono cha chuma kinachosukuma hewa ndani ya injini, na kwamba gari bila tabo ni kitoroli. Nilimwambia kama ameanza kuzika, asizike kabla ya daktari kufika. Tukalipeleka kwa Fundi Sikio.

Huyu alikuwa rafiki wa Baba tangu ujana. Jina alilipata kwa sababu ya bisibisi lake refu: ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka sikioni, kisha anafumba macho. Siku hiyo hakulitumia. Alifungua boneti, akachomoa mpira unaoingiza hewa kwenye tabo, akaingiza kidole na kukizungusha kifeni kilichomo ndani. Kikazunguka laini. Akajaribu kukivuta na kukisukuma, hakikutoka wala kuingia. Akapangusa ndani kwa kitambaa akatuonyesha: hamna oili. "Ng'ombe hazeeki maini," akasema, akimaanisha tabo bado ni nzima, na Kaka akaanza kupumua.

Basi akaja kwenye mpira mwingine, ule unaotoka kwenye tabo kupeleka hewa kwenye injini. Akauziba upande mmoja, akajaza upepo kwa pampu, akaupaka maji ya sabuni kama anayetafuta pancha ya baiskeli. Chini ya kibano kinachoukaza mpira povu likafura. Mpira ulikuwa umepasuka, na hewa yote iliyosukumwa kwa bidii ilikuwa inaishia barabarani. Ndiyo maana ya moshi, dizeli nyingi na hewa haba. Ndiyo maana ya mluzi pia. Mluzi wetu ulikuwa ugonjwa.

Nilikasirika, sijui na nani. Nilimuuliza fundi kama Baba, aliyejua kila nati ya gari lile, aliendesha ugonjwa miaka yote hiyo bila kujua.

"Alijua," fundi akasema. "Nilimwonyesha ukiwa ufa mdogo kama ukucha. Nikashika mpira mpya nimwekee, akanishika mkono. Akaniambia, acha bwana, mama watoto atajuaje kama niko karibu?"

Kaka aligeuka akatazama ukutani, pasipokuwa na kitu cha kutazama. Fundi alitueleza kwamba ufa mdogo gari lingeuvumilia, lakini huu wa sasa unailazimisha tabo kuzunguka kuliko uwezo wake. Itavunjika, na vipande vitaingia kwenye injini. Hata hivyo hakugusa spana. Alisema mwenye mluzi ni mama yetu, twende tukamuulize kwanza.

Tulimkuta Mama anachambua mchele. Kaka alijikanyagakanyaga, ikabidi nieleze mimi, pamoja na maneno ya Baba kama yalivyo. Mama alisikiliza bila kuinua macho. Aliposikia habari ya kushikwa mkono alitabasamu, akasema mume wake alikuwa mjanja kuliko sura yake. Akatupa kijiwe nje ya ungo.

"Mzibeni," akasema.

Nilimuuliza kama ameelewa kwamba hatausikia tena.

"Wanangu, mnadhani mnaniletea zawadi kila jioni. Ule mluzi ukilia nainuka kwenda kubandika chai. Nafika jikoni, nimeshashika birika, ndiyo nakumbuka kwamba hayupo. Kila siku anakufa upya. Mzibeni mke mwenzangu apumzike, na mimi nipumzike."

Kaka alirudi gereji peke yake. Fundi akafunga mpira mpya na vibano vipya, akasafisha na bomba jembamba la kupeleka oili kwenye tabo, akabadilisha oili yenyewe.

Siku iliyofuata, jioni, gari lilipanda mlima, Kaka alisimulia baadaye, kwa nguvu ambazo hakuwa ameziona tangu utotoni, bila moshi, bila mluzi. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo, hata mlango wa gari ulipofungwa hakushtuka. Kaka akaingia akiita kwa furaha, akanikuta mimi jikoni, nimesimama na birika mkononi, bado nausubiri mluzi.