Siku Tuliposukuma Daraja la Biliqo

Siku yangu ya kwanza kwenye madaraja, Mhandisi alinishika mkono kabla hatujasalimiana. Nilikuwa nimetia kidole kwenye tundu la chuma nione kama matundu mawili yamelingana.

"Mzee, chuma kikisogea kidogo tu, utaenda nyumbani na vidole tisa," akasema, akanipa msumari mnene wa kupimia.

Serikali ya kaunti ilikuwa bado changa. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea mageti mjini Isiolo, na umri ulikuwa umeshaenda, lakini jioni ile nilitembea hadi nyumbani, mtaa wa Wabera, nikiimba.

Daraja letu lilikuwa la pembetatu za chuma. Umbo la pembe nne ukilisukuma hulala upande. Pembetatu hukataa kabisa! Fremu moja, tuliyoiita paneli, hubebwa na watu sita na kuunganishwa na nyingine kwa pini. Daraja zima hujengwa ukingoni, kisha husukumwa juu ya rola hadi ng'ambo. Mbele hufungwa pua, kipande chepesi kinachotangulia kutafuta ukingo wa pili. Nyuma huwekwa mawe, kwa sababu mkia ukizidiwa uzito, kazi yote inaingia mtoni. Mpaka leo nikieleza haya mikono yangu inacheza.

Tulipokwenda kujenga huko Biliqo, nilikuwa msimamizi wa mkia. Lori la mwisho la mawe lilikwama mchangani, na mto ulikuwa umeanza kupanda. Mhandisi alikuwa ng'ambo, akingojea pua. Nikawaona watu waliokuja kutazama, nikapata wazo ambalo sikumuuliza mtu.

"Pandeni mkiani mkae," nikawaambia. "Nyinyi ndio mawe!"

Wakapanda wakicheka. Mama Halake, muuza maziwa ya ngamia, akakaa mwisho kabisa. Binti yake alikuwa amejifungua ng'ambo, maji yakawatenganisha, na yeye alikuwa bado hajamwona mjukuu wake.

Tukasukuma, tukapumzika, tukasukuma tena. Pua ilipobakiza hatua mbili, ng'ambo wakapiga vigelegele, na mimi msimamizi nikaacha mkia nikakimbia kwenda kuona! Watu kama kumi wakaruka chini, wakanifuata. Nikasikia chuma kinalia. Kugeuka, mkia umeinuka juu ya rola na waliobaki wako juu yake, pua inainamia maji.

"Fundi!" Mama Halake akapiga kelele, amemshika jirani yake asiruke. "Si ni wewe ulisema tukae? Sasa unakimbia wapi?"

Nilirudi mbio nikaning'inia mkiani, na wengine wakarudi. Mkia ukashuka polepole. Tukasukuma mara ya mwisho, pua ikakaa juu ya rola za ng'ambo. Nililia mbele ya watu.

Baadaye Mhandisi alinivuta kando. "Mawe huwa hayashangilii," akasema. "Ndiyo maana tunayatumia." Hakunifukuza, na sijui kwa nini.

Nimestaafu sasa, na mtaani wananiita Mzee wa Daraja. Jina hilo linanifurahisha na kuniaibisha. Nyinyi mnaoanza kazi hii, jifunzeni hesabu za uzito, ni tamu sana. Lakini mjue pia nilichokikuta siku ile, wengine wote walipokuwa wakicheza ukingoni. Ng'ambo, yule binti aliyejifungua alikuwa amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Mama Halake alikuwa amekaa palepale mkiani, ameupa mto mgongo.

"Fundi," akaniuliza, "sasa naweza kugeuka?"